Jenga: Kutoka Hali ya Kuamuru hadi Alama ya Biashara

Wataalamu wanapoorodhesha maneno ya Kiswahili yaliyoenea duniani, safari na simba hutangulia. Jenga hutajwa kwa nadra, ingawa masanduku yenye neno hilo yamejaa madukani katika nchi nyingi. Mjini Kindu, ambako Kiswahili kilifika katika karne ya 19 kikishuka na mto Lualaba kutoka Nyangwe na Kasongo, neno hili ni amri apewayo fundi wa matofali. Kwingineko ni mali ya kibiashara.

Leslie Scott, Mwingereza, alizaliwa Tanganyika na kukulia barani Afrika. Katika miaka ya 1970 jamaa zake waliokuwa Ghana walicheza kwa vipande vya mbao vilivyokatwa Takoradi. Januari 1983 aliuonyesha mchezo huo London: vipande 54, vitatu kwa kila ghorofa, ghorofa 18. Jina alilolichagua ni shina tupu la kitenzi, nafsi ya pili umoja. Kwa mnunuzi wa Uingereza halikuwa na maana yoyote, na hapo ndipo penye nguvu yake, kwani sheria ya alama za biashara huwa nyepesi kwa neno lisiloeleza bidhaa. Kwa msemaji wa Kiswahili linaieleza waziwazi (japokuwa, kwa kweli, mchezaji hubomoa kadiri anavyojenga). Baadaye Hasbro ya Marekani iliuuza mchezo huo kwa leseni.

Jina hulindwa, tendo la kuchomoa kipande halilindwi na hakimiliki, ambayo huhifadhi maandishi na michoro, si wazo. Ndiyo maana mnara ule uliweza kuingia katika michezo ya kuigiza wahusika mezani. Katika Dread, mchezo wa Epidiah Ravachol wa mwaka 2005, hakuna dadu: mhusika akitaka kuthubutu jambo, mchezaji huchomoa kipande, na mnara ukianguka mhusika huyo hutoweka katika hadithi. Mwaka 2020 Chris Bissette aliutumia mnara katika The Wretched, mchezo wa mtu mmoja, kisha waandishi wengine wakaruhusiwa kuufuata mfano huo chini ya kibandiko cha Wretched & Alone.

Vibandiko vya aina hii vilikuwa vimezoeleka tangu Apocalypse World ya mwaka 2010, ambayo watungaji wake waliwaruhusu wengine kutangaza kwamba wamevutiwa nayo. Ni adabu njema: anayekuja nyuma humtaja aliyetangulia. Kinyume chake kilionekana Januari 2023, pale Wizards of the Coast, kampuni ya Hasbro tangu 1999, ilipotaka kubadili leseni huria ya Dungeons & Dragons iliyotolewa mwaka 2000. Wachezaji walipinga, na tarehe 27 mwezi huohuo kanuni za msingi zikawekwa chini ya Creative Commons.

Nchini Kongo, sheria ya tarehe 7 Januari 1982 inahusu alama za biashara, na ile ya tarehe 5 Aprili 1986 hakimiliki. Alama ina mwenyewe anayetambulika. Jumuiya ya wasemaji haihesabiwi kuwa mwenye neno. Scott hakuficha asili ya jina, kwa hiyo kusema liliibwa ni kutia chumvi. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kindu akichonga vipande vyake na kuvipeleka nchi ambamo alama hiyo imesajiliwa, kanuni za mchezo atazitumia bila kizuizi, lakini kwenye sanduku itambidi aandike mnara, au jengo, badala ya kitenzi alichokisikia tangu utotoni.