Giza la Mpiga Picha

Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, hakubuni filamu mpya kwa ajili ya kamera yake ndogo. Alitwaa ile ya senema, yenye upana wa milimita 35. Basi Leica ilipotolewa mwaka 1925, mwenye kuinunua hakuwa na budi kuingia gizani, kukata kiasi cha mita moja na nusu kama mtu akataye nguo katika jora, na kukizungusha ndani ya kijikebe kwa kupapasa. Mwanga wa ufa wa mlango ulitosha kuangamiza picha zote 36.

Mwaka 1934 Kodak ilileta kijikebe kilichokwisha jazwa. Wengi walishukuru, na haki yao. Lakini kilichouzwa humo ni giza zaidi kuliko filamu. Wasio na fedha, na wapiga picha wengi wa magazeti, waliendelea kununua jora la mita 30, litoalo vijikebe 18 hivi.

Baadaye kikaja kisanduku cha kujazia nuruni. Hata hicho kina kodi yake: ncha ya utepe hubandikwa mwangani, na mwenye pupa ya kupiga hadi mwisho hupoteza picha yake ya mwisho.