Nani Alimkopesha Mvuvi wa Mkwaja?

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Pangani kwenda bara ilianza na deni. Vitambaa, shanga na waya wa shaba vilichukuliwa mali kauli, yaani kwa mkopo, kwa wafanyabiashara wa Kihindi, vikalipwa pembe za ndovu zilipofika pwani. Tajiri Taria Topan wa Unguja alimkopesha mkuu wa misafara Tippu Tip kwa mtindo huohuo. Mashamba ya miwa ya bonde la Mto Pangani nayo yaliendeshwa kwa mikopo, na waliokata miwa hiyo ni watumwa.

Mvuvi wa Mkwaja, kusini mwa Pangani, hakuwa na pembe wala shamba la miwa la kuweka rehani.

Watawala wa Kiingereza wakambana zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1923, asiye mwenyeji hakuweza kumdai mwenyeji mahakamani kama mkopo haukuwa na kibali cha serikali. Eti ni kumlinda! Mwenye duka gani angekopesha asichoweza kudai?

Mtaji mkubwa ulipofika Mkwaja, miaka ya 1950, ulikuwa wa kampuni ya Amboni, wakubwa wa mkonge. Walifungua ranchi ya ng'ombe ili wafanyakazi wa mashamba yao wapate nyama, wakapambana na mbung'o karibu nusu karne. Ranchi ikafungwa mwaka 2000, na ardhi yake sasa imo katika Hifadhi ya Saadani. Kampuni iliweza kujaribu kwa miaka yote hiyo. Mvuvi humalizwa na msimu mmoja mbaya.

Benki zilitaifishwa Februari 1967, ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara (NBC), lakini benki ilitaka dhamana. Anayehitaji wavu au injini huenda kwa tajiri wa samaki, ambaye haulizi hati, ila samaki huwachukua kwa bei yake.

Vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa, ndivyo vilivyofungua njia nyingine: hisa, sanduku la kufuli tatu, na wanachama wanaojuana. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilivitambua. Mwaka huohuo halmashauri zilitakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa dosari za usimamizi, ikarejeshwa 2024.

Wanawake wanaotaka kuanika dagaa kwenye chanja badala ya mchangani sasa wana pa kubisha hodi. Halmashauri nazo zipange marejesho kwa misimu ya kusi na kaskazi, si kwa tarehe ya mshahara.