Misikiti Midogo ya Pande

Ramani ya magofu ya Songo Mnara haihitaji maandishi ili ikuonyeshe misikiti ilipo. Angalia ukuta wa kaskazini wa kila jengo. Ukiona umetokeza nje kidogo pale katikati, hiyo ni mihrabu, na jengo hilo ni msikiti. Kwingine duniani mpimaji atapiga hesabu ndefu ndipo ajue kibla kiko upande gani. Kwetu hesabu ni nyepesi: Makkah iko kwenye longitudo ya digrii 39.8 mashariki, na visiwa vya Kilwa viko kwenye digrii 39 na nusu hivi. Aliyesimama Pande akaelekea kibla ameelekea kaskazini. Waashi wa miaka 600 iliyopita walilijua hilo, na ukuta walioujenga ungali unamwonyesha njia mtu mwenye ramani isiyo na jina hata moja.

Nimezaliwa Pande, upande huu wa kusini wa Kilwa wenye visiwa vya Songo Mnara, Sanje ya Kati na Sanje Majoma. Maisha yangu ya kazi nimeyatumia katika upimaji ardhi: viwanja vya mjini, mashamba, mipaka ya vijiji. Tukienda kutatua ugomvi wa mpaka tulikuwa tunabeba ramani, tunatafuta bikoni kwenye majani, kisha tunawaita wazee wa pande zote mbili. Ramani peke yake hudanganya, bikoni huhamishwa, na mzee naye hupendelea ukoo wake. Vitatu hivyo vikikubaliana, unaweza kuandika ripoti na kulala usingizi. Nilipostaafu niliamua kuitafuta kwa njia hiyo hiyo misikiti midogo ya kwetu, ile isiyopigwa picha na watalii.

Mwenzangu mmoja kazini, mtu wa Masasi, aliwahi kuitafuta historia ya kanisa la kijijini kwao, na alikuwa na mahali pa kuanzia. Kanisa la Masasi lina mwaka wake: 1876, Askofu Edward Steere alipowatoa Unguja watumwa walioachwa huru, akapita nao Lindi na kuwafikisha huko. Wabenediktini nao waliandika. Tunajua kwamba misheni yao ya Nyangao iliteketea katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, kwamba Askofu Cassian Spiss aliuawa Agosti mwaka huo huo akiwa safarini kutoka Kilwa kwenda Peramiho, na kwamba Ndanda ilianza mwaka uliofuata, 1906. Parokia ina daftari la ubatizo, la ndoa na la mazishi. Padri akifa au akihama, daftari linabaki, na mjukuu anaweza kumkuta babu yake humo kwa jina na tarehe.

Kilwa nako kulipata kanisa mapema kuliko hayo yote, ila halikudumu. Francisco de Almeida aliuteka mji wa Kilwa Kisiwani Julai 1505, mapadri Wafransisko wakashuka na msalaba, ngome ikajengwa na kupewa jina la Mtakatifu Yakobo. Mwaka 1512 Wareno waliondoka. Ngome tunayoiona leo ufukweni, Gereza, sehemu yake kubwa ni kazi ya Waarabu wa Omani waliokuja baadaye.

Msikiti wa kijiji hauna daftari la namna hiyo. Mtoto haandikwi msikitini anapozaliwa, na nikaha imetosha mbele ya mashahidi. Kwa hiyo wengi husema misikiti yetu ya kale haina kumbukumbu. Nalikataa hilo. Kumbukumbu zipo, lakini zimetawanyika: nyingine Lisbon, nyingine London, nyingine Dar es Salaam, nyingine chini ya mchanga wa Songo Mnara, na nyingine vichwani mwa watu ambao hakuna aliyewauliza.

Nianze na maandishi. Historia ya wafalme wa Kilwa imetufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni muhtasari alioutia João de Barros katika kitabu chake Décadas da Ásia, kilichoanza kuchapwa Lisbon mwaka 1552. Ya pili ni tarehe ya Kiarabu, yaani kitabu cha historia, ambayo nakala yake iliandikwa Zanzibar mwaka 1877, na sasa iko katika Maktaba ya Uingereza. Ndani ya simulizi la Barros kuna mambo yanayomgusa mtu wa Pande moja kwa moja. Anasema kwamba mwanzilishi wa utawala wa Kilwa alijenga ngome kwa kuwahofia majirani, wakiwamo Waislamu waliokuwa wakikaa katika visiwa vya Songo na Xanga, yaani Shanga. Yaani kabla Kilwa haijawa dola, visiwa vyetu vilikuwa na watu, wana dini, na wana nguvu za kumkosesha mgeni usingizi. Tarehe ya Kiarabu nayo inaeleza jinsi watu wa Shanga walivyoivamia Kilwa na kumng'oa mfalme wake.

Hiyo Shanga iko wapi? Neville Chittick, mhifadhi wa kwanza wa mambo ya kale wa Tanganyika, aliyeichimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, aliona kwamba ni Sanje ya Kati. Mfaransa Stéphane Pradines alichimba kisiwa hicho miaka ya 2000 na akafuata mkondo huo. Kuna msikiti mdogo pale, wa mstatili, wa karne za 11 na 12, zama za ule msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani ulipokuwa ukianza. Ukisimama kando yake leo unaona mawe yaliyofunikwa na majani na mizizi. Lakini weka maandishi na mawe pamoja, na utaona kwamba hapa palikuwa na mji ulioshindana na Kilwa, na ukaishinda japo kwa muda. Sijui kwa nini jambo hili halisomeshwi katika kila shule ya msingi ya wilaya yetu.

Ramani zilinichukua muda zaidi, kwa kuwa ndizo ninazozipenda. Ya kwanza inayojulikana sana ni picha ya Quiloa katika atlasi ya Braun na Hogenberg, iliyotoka Cologne mwaka 1572, ukurasa mmoja na Aden, Mombasa na Sofala. Ni kazi nzuri ya mkono, ila mji umechorwa kwa mazoea ya Ulaya, na mpimaji hawezi kuutegemea. Karne mbili baadaye walikuja Wafaransa. Morice, mfanyabiashara wa watumwa, alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa tarehe 14 Septemba 1776, akaacha maelezo marefu kuhusu kisiwa, maji yake na bandari yake. Aliandika kwa jicho la mtu anayetafuta mahali pa kununulia binadamu, na ndivyo inavyopasa kumsoma. Kisha miaka ya 1820 Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza aliipima pwani yote hii kwa meli za Leven na Barracouta. Chati za namna hiyo zina vina vya maji, miamba, na alama zinazoonekana kutoka sitahani. Msikiti uliozama katikati ya miti hauna faida kwa nahodha, kwa hiyo haumo.

Wajerumani walichora Afrika Mashariki yao kwa kipimo cha 1:300,000. Kwa kipimo hicho milimita moja ya karatasi ni mita 300 za ardhi, na mji mzima wa Songo Mnara pamoja na ukuta wake unaweza kufunikwa na kichwa cha pini. Baada yao zilikuja karatasi za 1:50,000, mfululizo wa Y742, ambazo kila mpimaji wa Tanzania wa rika langu alizishika kila siku. Humo milimita moja ni mita 50. Msikiti wenye upana wa mita 8 ungechukua chini ya moja ya tano ya milimita, mwembamba kuliko mstari wa kalamu yangu. Mchoraji hakuwa na kosa. Ila mtu asije akasema kwamba hapakuwa na msikiti eti kwa sababu ramani haiuonyeshi.

Michoro iliyonifaa ni ile ya watu waliokwenda kwa miguu na kamba ya kupimia. Mwaka 1938 M. H. Dorman aliandika kuhusu magofu ya Kilwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mwaka 1959 jarida hilo hilo lilitoa makala ya Gervase Mathew kuhusu Songo Mnara. Mathew alikuwa padri wa shirika la Wadominiko na mwanahistoria wa Oxford. Nimefurahi kila mara nilipoisoma kazi hiyo: padri aliyevuka maji, akapita kwenye mikoko, akapima kuta za misikiti yetu kwa heshima na uangalifu. Mwaka 1966 Peter Garlake alichapa kitabu kuhusu usanifu wa Kiislamu wa pwani, na michoro yake ya majengo bado inategemewa hadi leo. UNESCO, iliyoitia Songo Mnara pamoja na Kilwa Kisiwani katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, inataja misikiti mitano, jumba la kifalme na nyumba kama 33 ndani ya ukuta.

Misikiti mitano katika mji mdogo kiasi hicho! Mji wenyewe ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 16, kwa hiyo vizazi vichache tu vilisali humo. Wataalamu walioufanyia kazi tangu 2009, Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, walitazama zaidi maeneo ya wazi yaliyo kati ya majengo kuliko walivyotazama kuta zenyewe. Katikati ya mji kuna uwanja wenye makaburi na msikiti mdogo. Kwenye makaburi walikuta vijiwe vyeupe na sarafu za shaba za Kilwa zilizoachwa na waliokuja kuzuru. Mahali pengine mjini palipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 300 zilizozikwa pamoja. Hapo ndipo ninapoliona daftari la msikiti wetu. Halina majina, lakini lina ushahidi wa mtu aliyetembea hadi kaburini kwa mzazi wake, akainama, akaacha alichokuwa nacho.

Na desturi hiyo haijafa. Nilipovuka kwenda kisiwani nikiwa na michoro yangu, maji yalikuwa yamekupwa, tukashuka kwenye mashua na kukanyaga matope katikati ya mikoko. Bibi mmoja wa kijijini, ambaye watu humwendea kwa mambo ya dua na makaburi, alikubali kunisindikiza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo mmekuja kupima tena?"

Nikamweleza kwamba mimi ni mtoto wa Pande na sikuja kugawa kiwanja. Akacheka, akavua kandambili zake kabla hatujafika kwenye makaburi, nami nikavua viatu. Nilimfungulia mchoro chini ya mti na kumuuliza msikiti wa katikati ni upi. Hakuutazama mchoro. Alinyoosha mkono na kusema, "Ule wa wenyewe, ule. Mvua ikichelewa, babu zetu walikuwa wanaanzia pale." Nikapanga dira, nikaondoa tofauti ya kaskazini ya sumaku, nikaangalia: mihrabu ilikuwa mbele yetu, kaskazini, palepale mchoro uliposema na palepale mkono wake ulipoelekea. Karatasi, jiwe na mtu vimekubaliana. Katika kazi yangu hiyo inatosha.

Yule bibi alinitajia pia vijana wa kijijini waliofanya kazi na wachimbaji, ambao sasa ni watu wazima. Wanajua kila ukuta ulivyokuwa kabla haujaimarishwa, na wapi mtaalamu alifukia shimo lake. Ni maarifa ya kitaalamu kabisa, na wenyewe hawana hata nakala moja ya kitabu kilichotokana na jasho lao.

Hili ndilo linaloniuma. Magofu haya yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na yakaondolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Lakini mawimbi hayasomi orodha, na ukingo wa bahari unaendelea kuliwa. Sehemu ya ufukwe ikienda, kitakachobaki kuthibitisha kuwa palikuwa na jengo ni mchoro, na michoro hiyo iko mbali na watu wenye kumbukumbu za kuijazia.

Naomba, kwa hiyo, mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Wenye michoro ya Mathew, Chittick na Garlake, na vyuo vilivyochimba baada yao, watoe nakala zilizochapwa kwa ukubwa wa kusomeka, ziwekwe katika ofisi ya kata ya Pande na katika shule za kata na visiwa vyake. Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa ikae na TAWA, mamlaka ya wanyamapori ambayo sasa ndiyo inayosimamia magofu, na iandike kumbukumbu za wazee wa Songo Mnara na Sanje wangali hai: jina la kila kisima, kila kaburi na kila msikiti, pamoja na vipimo vyake. Mimi ninajitolea kupima bila malipo. Na wewe msomaji mwenye asili ya Pande, ukiwa na barua ya zamani, picha, au ndugu aliyewahi kushika jembe kwenye uchimbaji ule, mpelekee mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu nawe, naye aandike habari hizo mwaka huu.