Sanduku la Bati la Marehemu Baba

Wasomaji wa gazeti hili wamekwisha kusoma mara nyingi habari za Ruhinda na wanawe, jinsi ukoo wa Wahinda ulivyotawala Karagwe na Ihangiro. Habari hizo ni njema, nami huzifundisha shuleni. Lakini sisi tusio wa nyumba ya Mukama, habari za babu zetu twazitafuta wapi? Mimi nalizikuta ndani ya sanduku la bati, chini ya koti kuukuu la askari, tena nalizikuta kwa kuwa haja ilinishika.

Haja yenyewe ni hii. Mwaka wa pili baada ya kumzika baba hapa kwetu Muleba, mdogo wangu, afanyaye kazi Bukoba mjini, alitaka kuoa. Wazee walipouliza ukoo na muziro wa binti yule, ikaonekana ya kuwa ni ukoo wetu sisi. Kila Mhaya ajua maana yake: wenye ukoo mmoja na muziro mmoja ni ndugu, wala hawaoani, hata mmoja akiwa mtu wa Kiziba na wa pili mtu wa Ihangiro. Posa ikarudishwa. Mdogo wangu akanyamaza siku nyingi, hata nikaogopa.

Siku zile nalikuwa nikipanga vitu vya baba. Baba alikuwa mmoja wa wale waliokwenda vitani majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwezi wa Oktoba, mwaka 1978, yakaua watu na kuswaga ng'ombe kaskazini ya mto Kagera, na siku chache baadaye yakalivunja daraja la Kyaka. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979, naye akarudi mzima. Wenzake wengi walizikwa Kaboya, katika wilaya yetu hii, na kila mwaka alikwenda kusimama penye kaburi la rafiki yake. Alinichukua mara mbili nilipokuwa mtoto, nami nikadhani marehemu yule ni ndugu yetu. Basi, mkanda wake, nishani yake na picha tatu nalivijua tangu zamani. Nisichokijua ni kifurushi cha kitambaa kilichokuwa chini kabisa.

Ndani yake mlikuwa na nyota ya shaba yenye pembe sita, utepe wake mwekundu katikati, wa samawati nzito kando, na mistari ya rangi ya chungwa. Ni nyota ya Burma. Pamoja nayo, karatasi iliyokunjwa mara nne, ya kumwachisha babu kazi ya askari mwaka 1946.

Babu hakusimulia vita. Tulijua tu ya kuwa alifika Burma, na watoto tulicheka jina hilo pasipo kulijua. Sasa nimesoma. Watu wa Tanganyika walikuwa katika vikosi vya 26 na 36 vya K.A.R., navyo vilikuwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1944, masika yakiwa makali, divisheni hiyo iliteremka bonde la Kabaw ikiwafuata Wajapani. Njia ziligeuka matope, magari yakazama, chakula kikaangushwa kwa ndege, na malaria iliwaangusha watu kama risasi. Mwezi wa Desemba walifika Kalewa, wakauvuka mto Chindwin. Mtu aliyepita huko, akarudi kupalilia migomba yake asiseme neno, sasa namwona kwa macho mengine.

Nyota ile haina jina. Ndugu msomaji, ukiwa nayo kwako usichoke kuigeuza-geuza: nyota za vita vya pili Waingereza walizitoa pasipo kuzichora majina, ijapokuwa nishani yao ya fedha ya vita vya kwanza ilichorwa jina ukingoni. Habari zi katika karatasi. Namba ya babu yaanza na herufi DT, alama ya watu wa Tanganyika. Kisha jina, kabila, wilaya ya Bukoba, ambayo siku zile ilikumbatia Ihangiro na Karagwe pia. Na penye mstari wa mkubwa wa nchi yake, karani ameandika Karagwe. Jina la baba yake nalo silo lile tulilokuwa tukilitaja katika nasaba yetu.

Nalidhani karani amekosa. Nikampelekea karatasi shangazi, mwenye miaka karibu themanini. Nalipomsomea aliweka chini kikombe chake, akasema, "Kumbe aliiandikisha."

Ndipo akanieleza. Babu alizaliwa Karagwe. Mwaka 1916, Wajerumani walipoiacha Bukoba na Waingereza wakaitwaa, vijana wengi walikamatwa kuchukua mizigo ya vita. Baba yake babu alikwenda, asirudi. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa katika vita vile ni zaidi ya 40,000, wengi kwa maradhi na njaa. Dar es Salaam iko sanamu ya askari tangu mwaka 1927, lakini jina la mpagazi yule sijaliona popote ila katika karatasi hii. Mama akarudi kwao Ihangiro na mtoto mgongoni. Mjomba akamlea, akampa kibanja, na watu wakamhesabu kuwa wa ukoo wa mjomba. Babu alikubali kwa heshima. Walakini mbele ya karani wa jeshi, pasipo mjomba kusikia, alimtaja baba yake.

Niliipeleka karatasi mbele ya wazee. Walikaa mara mbili, wakitafuna kahawa. Wengine walisema mtoto hufuata damu ya baba, basi mdogo wangu si ndugu ya binti yule ila kwa upande wa bibi wa zamani. Baba mkubwa alikataa. "Aliyemlisha ndiye baba yake," alisema. "Na ukisema sisi si wa ukoo huu, kibanja hiki tumekaa juu yake kwa haki gani?" Nilikosa jibu. Mimi ni mwalimu, nimezoea kudhani ya kuwa karatasi hushinda neno la mdomo, nami sikufikiri ya kuwa karatasi yaweza kumtoa mzee katika shamba alilozikwa mama yake.

Wazee waliamua posa ipokelewe, na watu wa ukoo wa mjomba hawajasema neno juu ya kibanja. Arusi ilifungwa Bukoba mwezi wa Agosti. Baba mkubwa hakuja; alituma mkungu wa ndizi. Ile karatasi ameiomba mara mbili aitunze yeye, nami najua ataitia motoni. Nimeinakili mara tatu, nakala moja nikampa shangazi. Likizo ijayo nakwenda Karagwe na mdogo wangu, tuulize kama yuko mzee aliyepata kusikia habari za kijana aliyechukuliwa upagazi akaacha mke na mtoto mchanga.