Mifereji ya Valencia

Historia ya Valencia, mji wa mashariki mwa Hispania, husimuliwa kwa majina ya waliouteka. Mwaka 138 K.K. Warumi waliwagawia wanajeshi wao wastaafu ardhi kando ya mto Turia. Mwaka 75 K.K. jeshi la jemadari Mrumi Pompey likaubomoa mji huo. Karne ya 8 wakaja Waislamu, wakauita Balansiya. Mwaka 1094 uliangukia mikononi mwa mpiganaji Mkristo Rodrigo Díaz, maarufu kwa jina la El Cid, na mwaka 1102 Mfalme Alfonso wa Sita wa Castilla, alipoona hawezi kuulinda, akautia moto akaondoka. Waislamu walirudi, wakakaa hadi tarehe 9 Oktoba 1238, siku Mfalme Jaume wa Kwanza wa Aragón alipoingia akiwa mshindi. Anayesoma orodha hii atadhani mji ulizaliwa upya kila bendera ilipobadilika. Mimi nadhani mji huu umeshikiliwa na kitu ambacho watekaji walikikuta na wakashindwa kukibadili, nacho ni utaratibu wa kugawana maji.

Ushahidi mkubwa umo katika hati ya mshindi mwenyewe. Mwaka 1239 Jaume aliwapa wakazi wake wapya mifereji ya bonde, akijibakizia mmoja tu, wa Moncada, ambao nao aliuachia mwaka 1268. Na aliagiza maji yatumike kwa desturi ya enzi za Wasaraseni, yaani Waislamu aliokuwa ametoka kuwashinda. Msikiti mkuu uligeuzwa kanisa, nyumba na mashamba yakagawiwa walowezi wa Aragón na Catalonia na kuandikwa daftarini, lakini zamu ya maji haikuguswa. Sababu iko shambani. Kipimo cha maji ya Turia, fila, hakikuwa ujazo maalumu bali fungu la mto: mto ukijaa, kila fungu hunenepa, ukipungua, kila mtu hupungukiwa kwa uwiano uleule. Mfereji unapogawanyika, ukuta wa mawe wenye ncha huyakata maji pande mbili, nao huitwa llengua, yaani ulimi. Ukiusogeza ulimi huo kidogo tu, umemnyima maji mtu asiyekujua, maili kadhaa chini yako. Shamba la mtu unaweza kulitwaa kwa siku moja. Mizani ya namna hii ukiivuruga, mavuno ya bonde zima yako hatarini, na mfalme alihitaji kodi.

Lugha nayo inashuhudia. Mfereji huko ni acequia, neno la Kiarabu. Msomaji wa Kiswahili atawatambua jamaa zake katika kapu la sokoni: azúcar ni sukari, azafrán ni zaafarani, berenjena ni bilinganya. Hata meya, alcalde, ni kadhi aliyebadili kazi, na tarishi wa mahakama, alguacil, ni waziri aliyeshushwa cheo.

Tarishi huyo ana kazi hadi leo. Kila Alhamisi saa sita mchana, kwenye Mlango wa Mitume wa kanisa kuu, Baraza la Maji hukaa nje, hadharani. Wazee wanane, mmoja kwa kila mfereji, wote wakulima waliochaguliwa na wakulima wenzao, huketi wakiwa na mashati marefu meusi. Tarishi huita washtakiwa, mfereji mmoja baada ya mwingine, akianza na Quart. Kesi husemwa kwa mdomo, kwa Kivalensia, bila mawakili, na mzee wa mfereji unaohusika hashiriki kuhukumu. Hukumu hutolewa papo hapo, wala haina rufaa.

Wenyeji hupenda kusema baraza hilo lilianzishwa na khalifa wa Córdoba mwaka 960. Hapa wanaopinga wana haki: hakuna hati ya wakati huo inayolithibitisha, na Warumi pia walijua kuchimba mifereji. Lakini hoja yangu haitegemei tarehe ya kuzaliwa. Agizo la 1239 linatosha, kwa kuwa mtu haamuru desturi ifuatwe kama haipo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba huu ni urithi wa desturi, si wa watu. Ni kweli, na si jambo la kupamba. Waislamu wengi wa mji waliondoka mwaka 1238 na walichoweza kubeba, na mwaka 1609 Wamorisko, wazao wa Waislamu waliobatizwa, walifukuzwa katika ufalme wa Valencia, karibu theluthi ya wakazi wake wote. Anayelitaja Baraza la Maji kama mfano wa kuvumiliana anasahau bandari zilizowasafirisha watu hao. Mfereji ulithaminiwa, mchimbaji hakuthaminiwa.

Wengine husema siku hizi baraza ni tamasha la watalii tu, hasa tangu UNESCO ilitambue mwaka 2009. Mashamba yamepungua kweli: mfereji wa Rovella, uliopita katikati ya mji, karibu ardhi yake yote imemezwa na majengo. Hata mto umehamishwa. Baada ya mafuriko ya tarehe 14 Oktoba 1957 yaliyoua watu wasiopungua 81, serikali ilichimba njia mpya ya maji kusini mwa mji, na ile ya zamani leo ni bustani. Hata hivyo, baraza limewahi kunusurika hapo awali: mwaka 1813, Bunge la Hispania lililokaa Cádiz lilipokuwa likifuta mahakama za upendeleo, mbunge Francisco Xavier Borrull alisimama kulitetea baraza hili, na likapona. Na kama Alhamisi nyingi tarishi huita majina ya mifereji minane bila mtu kujitokeza, ni kwa sababu ugomvi mwingi huwa umekwisha kule kule kwenye tuta la mfereji, kabla ya kufika mlangoni.