Magari yanavyopashana habari: Ujumbe hucheleweshwa na foleni, si umbali

GARI linalokwenda kasi ya kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kila sekunde. Katika sehemu moja ya kumi ya sekunde huwa tayari limesonga mita 2.8, umbali unaotosha kutenganisha kusimama nyuma ya lori na kuligonga. Ndiyo maana wahandisi wa mawasiliano ya magari hupima kazi yao kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu moja ya sekunde. Maonyo mengi ya usalama hutakiwa kufika kabla ya milisekunde 100 kupita.

Katika mfumo huo, kila gari hutangaza kwa redio mahali lilipo, kasi yake na upande linakoelekea. Magari ya karibu huupokea ujumbe moja kwa moja, bila kupitia mlingoti wa simu. Hivyo dereva aliyezibwa na basi huweza kuonywa kwamba gari lililo mbele ya basi hilo limekanyaga breki ghafla, ijapokuwa hajaona taa yoyote.

Wengi hudhani kinachochelewesha ujumbe ni umbali. La hasha. Mawimbi ya redio hukata mita 300 kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Muda hupotea kwenye foleni: ya kungoja zamu ya kusema, ya kukaguliwa, na ya kompyuta zilizo mbali.

Foleni ya kwanza ndiyo sugu zaidi. Magari yote hutumia mkondo mmoja wa masafa, na yakisema mawili kwa pamoja hakuna linalosikika. Mwaka wa 2010, taasisi ya kimataifa ya wahandisi, IEEE, ilipitisha kanuni ya 802.11p, inayoliruhusu gari kutuma ujumbe papo hapo pasipo kujisajili kwanza kwenye kituo kama simu ifanyavyo kwenye Wi-Fi. Hatua hiyo iliondoa kusubiri kwa mwanzoni, lakini haikuondoa msongamano.

Hesabu yake si ngumu. Ujumbe wa baiti 300, ukitumwa kwa kasi ya megabiti 6 kwa sekunde, hukalia mawimbi kwa milisekunde 0.4. Magari 100 yakituma mara 10 kila sekunde, asilimia 40 ya muda wote huwa imekwisha kutumika. Yakifika 250, hakuna nafasi inayobaki, na hapo ndipo onyo la breki linapokwama nyuma ya salamu za kawaida.

Dawa, ajabu ni kwamba, ni kunyamaza. Kanuni za Ulaya hulitaka gari litume ujumbe wa kawaida pale tu linapokuwa limesonga zaidi ya mita 4, limegeuka zaidi ya digrii 4 au limebadili kasi kwa zaidi ya nusu mita kwa sekunde. Lakini lisikae kimya zaidi ya sekunde moja. Gari lililokwama kwenye msongamano basi halina la kusema mara kwa mara. Aidha, ujumbe wa dharura hupewa kipaumbele, mithili ya ambulensi inayopishwa njia.

Njia nyingine ni ile iliyotokana na teknolojia ya simu na kukamilishwa mwaka wa 2017, ambapo muda hukatwa vipande na kila gari hujiwekea chake mapema. Hufaa sana kwa ujumbe wa kila mara. Ajali, kwa bahati mbaya, haiweki miadi.

Foleni ya pili ni ya ukaguzi. Kila ujumbe hubeba saini ya kidijitali ili mhalifu asitangaze ajali ya uongo. Gari lililozungukwa na mengine 100 huweza kupokea jumbe 1,000 kwa sekunde; ikiwa kompyuta yake huhakiki moja kwa milisekunde 2, itamaliza 500 tu, na nyingine zitarundikana. Kwa hivyo magari huwekewa vifaa maalumu vya kuhakiki saini, au huanza na jumbe zinazoashiria hatari na kuacha zile za gari linalokwenda upande mwingine.

Kuhusu kompyuta za mbali, nuru hupita kwenye nyaya za kioo kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva iliyo umbali wa kilomita 6,000 itakula milisekunde 60 kwenda na kurudi kabla haijafanya hesabu yoyote. Mitambo hiyo haina budi kusogezwa kando ya barabara au kwenye milingoti ya simu.

Hata hivyo, magari yasiyotumia masafa mamoja hayasikilizani kamwe. Marekani ilitenga masafa ya gigahezi 5.9 mwaka wa 1999, kisha mwaka wa 2020 ikaamua kuupa mtandao wa Wi-Fi sehemu kubwa yake. Ulaya nayo hutumia gigahezi 5.9, ilhali Japani ilichagua megahezi 760, na Toyota ikaanza kuuza magari yenye mfumo huo mwaka wa 2015. Kwa Kenya, ambayo magari yake mengi huletwa yakiwa yametumika Japani, redio iliyomo ndani ya gari la aina hiyo haiwezi kulisikia gari lililoundiwa barabara za Ulaya, hata yakiwa bampa kwa bampa.