Udongo Si Ushamba

Manze, nani alitudanganya ati jengo la kisasa lazima liwe la vioo na kiyoyozi?

Twende Gando, kijiji cha Burkina Faso. Francis Kéré alizaliwa huko 1965. Kijijini hakukuwa na shule, akasomea mbali, kwa darasa lililojaa joto na giza. Baadaye akaenda Ujerumani kusomea useremala, kisha usanifu majengo. Akiwa bado mwanafunzi, akachangisha pesa za kuwajengea watu wake shule.

Kusikia ni ya udongo, wanakijiji wakashtuka: si mvua itaubeba? Akauchanganya na saruji kidogo, wakafyatua matofali pamoja. Dari ikaachwa na matundu, mabati yakainuliwa juu yake. Hewa moto inapanda na kutokea hapo katikati, hewa baridi inaingia madirishani. Bila stima. Hiyo ni 2001. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kushinda tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya wasanifu majengo.

Na hapa kwetu? Kampasi yake ya Startup Lions iko Turkana tangu 2021, na minara yake inatoa joto kama kichuguu cha mchwa.

Sasa mbona madarasa mengi bado ni mabati yanayopika watoto? Shule yenu ikijenga tena, kabla ya rangi uliza: hewa moto itatokea wapi?